Je, wajua kwa nini sifa ya kweli nayo yaweza kumpotosha msomaji?

Mwanablogu wa safari analala siku mbili katika nyumba moja ya wageni Shela, kisiwani Lamu. Chumba ni safi, chai ya asubuhi inapandishwa hadi darini, bahari iko mbele ya macho. Akirudi kwao anaandika: "Kama unakuja Shela, lala hapa." Anaamini kila neno. Jambo ambalo hakuliandika ni kwamba hakulipa hata shilingi. Mwenye nyumba alimwalika ili aandike. Je, kuna mtu amepotoshwa hapo?

Jibu la haraka la watu wengi ni hapana. Nyumba ni nzuri, maneno ni ya kweli, basi kosa liko wapi? Lakini serikali kadhaa duniani zimeamua kwamba upo uwezekano mkubwa wa kosa, na kwamba kosa lenyewe halimo katika sifa. Marekani ndiyo iliyolisema jambo hili mapema na kwa kirefu, na ndiyo pia iliyozaa dhana potofu inayowatisha waandishi wa mitandaoni hadi leo. Tuanze na dhana hiyo, maana bila kuiondoa mengine hayaeleweki.

Tarehe 5 Oktoba 2009, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba mwongozo wake kuhusu sifa zinazotolewa kwa bidhaa, uliotoka mwaka 1980, umefanyiwa marekebisho na sasa unawataja wanablogu. Ungeanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Habari ikasambaa ikiwa imebeba nambari moja: dola 11,000. Ikasemwa kwamba mwanablogu atakayepewa kitu bure asiseme atatozwa kiasi hicho kwa kila andiko.

Haikuwa hivyo. Mwongozo ule si sheria. Ni maelezo ya Tume kuhusu namna inavyoielewa sheria, na sheria yenyewe ni ile iliyoiunda Tume mwaka 1914. Kifungu chake cha 5, kilichopanuliwa mwaka 1938, kinakataza vitendo vya udanganyifu katika biashara. Hakuna mahali mwongozo unapompangia mtu faini kwa kuukiuka. Tume ikiona tatizo huchunguza, kisha inaweza kumfikisha mhusika mbele ya sheria na kuthibitisha kwamba wanunuzi walidanganywa, au wakaelewana, naye akawekewa amri ya kutorudia. Adhabu ya fedha ya aina ile iliyotajwa magazetini humwangukia anayevunja amri aliyokwisha kuwekewa. Yaani nambari ilikuwa ya kweli, lakini ilichukuliwa kutoka ukurasa mwingine. Maofisa wa Tume walilazimika kujitokeza na kusema wazi kwamba habari za faini ya dola 11,000 kwa wanablogu si za kweli, na kwamba macho yao yako zaidi kwa kampuni zinazotangaza.

Mashauri yaliyofuata yanaonyesha walimaanisha. Mwaka 2010 waliichunguza kampuni ya mavazi ya Ann Taylor, iliyowapa zawadi wanablogu waliohudhuria maonyesho ya nguo zake za kiangazi, wakafunga jalada bila kuchukua hatua. Mwaka 2011 kampuni ya Legacy Learning Systems, iliyouza masomo ya gitaa, ilikubali kulipa dola 250,000 kwa sababu watu waliolipwa kamisheni walijifanya wateja wa kawaida. Shauri linalofundisha zaidi ni la duka la Lord & Taylor, mwaka 2016. Duka lilikuwa limewapa wanamitindo wa mitandaoni 50 gauni moja lilelile, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja, likayakagua maandishi yao kabla hayajatoka Instagram. Gauni likaisha madukani. Aliyeshtakiwa ni duka. Wale 50 hawakuguswa.

Hilo halimaanishi kwamba mwandishi yuko salama daima. Aprili 2017 Tume ilituma barua zaidi ya 90 kwa watu mashuhuri wa mitandaoni na kampuni, ikiwakumbusha wajibu wao. Septemba mwaka huo ikawafungulia shauri la kwanza watu binafsi, vijana wawili wa michezo ya kompyuta waliosifia tovuti ya kamari ya CSGO Lotto bila kusema kwamba ni yao. Tangu tarehe 21 Oktoba 2024 kuna kanuni nyingine, na hii ni kanuni kweli yenye adhabu ya fedha moja kwa moja, inayokataza maoni bandia ya wateja, kununua maoni kwa sharti kwamba yawe ya kusifu, na kuuza wafuasi wa uongo. Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Juni 2023 kuhusu washawishi wa mitandaoni iliweka hadi miaka 2 jela na faini ya hadi yuro 300,000.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Ikiwa sifa ni ya kweli, malipo yanamhusu nini msomaji?

Chukua gati la Lamu mjini. Mgeni anashuka kutoka mashua ya Mokowe, au ile ya uwanja wa ndege wa Manda, na kijana anampokea begi. "Karibu Lamu, dada. Iko nyumba nzuri, nikupeleke." Mgeni aliyezoea Pwani anajua kwamba anayemleta mteja huenda akapewa kamisheni na mwenye nyumba. Kwa hiyo anayasikiliza maneno ya kijana kwa kipimo chake: anafuata, anatazama chumba, anafungua bomba aone kama maji yanatoka, anauliza bei, anasema ngoja nizunguke kidogo kwanza. Hakuna aliyeonewa. Kijana anatafuta riziki yake ya halali na mgeni anajua anaongea na nani.

Safari nyingine mgeni huyohuyo anashuka na kupokewa na mtoto wa shangazi yake. "Usihangaike, nyumba ni ile pale." Chumba hatazami. Bomba hafungui. Anatoa pesa za siku tano papo hapo na kwenda kulala. Maneno ni yaleyale, nyumba ni ileile. Kilichotoweka ni ile hatua ya kupima, na ameiacha mwenyewe kwa sababu aliamini kwamba anayemwelekeza hana anachopata. Sasa tuseme mtoto wa shangazi naye ana kamisheni yake pale. Nyumba inaweza kuwa nzuri kabisa, na bado mgeni amenyimwa kitu: nafasi ya kuuliza maswali ambayo angemuuliza mtu mwingine yeyote. Na huenda bei ingeshuka kama angeuliza.

Mwanablogu anakaa katika nafasi ya mtoto wa shangazi. Wasomaji wamemfuata kwa muda, wanajua alivyougua, alivyofiwa, anavyopenda viazi vya karai. Wenye biashara wanamtafuta yeye na kuacha ukurasa wa gazeti kwa sababu hiyohiyo: maneno yake hayapimwi. Kwa hiyo sheria ya Marekani haiulizi kama alisema uongo. Inauliza mambo mawili kuhusu uhusiano wake na mwenye bidhaa. Je, msomaji wa kawaida asingeutarajia uhusiano huo? Na je, angeujua, angeyapa maneno yale uzito tofauti? Majibu yakiwa ndiyo yote mawili, uhusiano lazima utajwe.

Mwongozo wenyewe unatoa mifano ninayoipenda kwa jinsi inavyotenganisha mambo. Nyota wa filamu akionekana katika tangazo la televisheni hana haja ya kusema amelipwa, kwa kuwa kila mtazamaji anajua. Lakini mchezaji wa tenisi akihojiwa katika kipindi cha mazungumzo, akausifu upasuaji wa macho kwa leza aliofanyiwa katika kliniki fulani, na ana mkataba na kliniki hiyo, lazima aseme. Mwanafunzi wa chuo mwenye blogu ya michezo ya kompyuta aliyetumiwa mashine mpya bure aiandikie maoni, naye lazima aseme, hata kama hakuna aliyemwambia aandike nini. Kuwa mwajiriwa wa kampuni, kuwa na hisa zake au kuwa jamaa wa mwenye nayo kunaingia humohumo. Kiasi cha fedha hakihitaji kutajwa. Anayedhani kwamba kulala bure si malipo kwa kuwa hakushika noti hajaielewa mantiki hii, kwani kilichompa sababu ya kusifu ni kile alichopata, kiwe noti au kitanda.

Palikuwa na malalamiko mwaka 2009, na naona yalikuwa na uzito. Mhakiki wa vitabu wa gazeti hupewa vitabu bure miaka yote na Tume haikumtaka aseme chochote; mwanablogu wa vitabu alitakiwa aseme. Hoja ya Tume ilikuwa kwamba msomaji wa gazeti anajua utaratibu huo, na kwamba mhakiki ana mhariri juu yake. Hoja hiyo inazidi kudhoofika kadiri wasomaji wanavyozijua desturi za mitandao.

Namna ya kusema nayo ina masharti, na hapa ndipo watu wengi hukosea wakiwa na nia njema. Taarifa iwe pale sifa ilipo. Isitupwe kwenye ukurasa wa "Kuhusu mimi", wala isizikwe katikati ya hashtegi 20 wala chini ya kitufe cha kusoma zaidi. Kwenye video isemwe ndani ya video, kwa kuwa maelezo ya chini si kila mtu huyafungua. Kwenye matangazo ya moja kwa moja irudiwe, kwa ajili ya wanaoingia katikati. Kuishukuru kampuni peke yake hakutoshi, kwa kuwa hata mteja aliyelipa hushukuru. Na sharti ambalo lingepaswa kutugusa sisi: taarifa itolewe kwa lugha ileile ya sifa. Anayemsifia mwenye nyumba kwa Kiswahili kitamu, kisha akabandika pembeni herufi mbili za Kiingereza, "ad" (yaani tangazo), hajamwambia bibi wa Langoni anayefikiria kumpeleka mjukuu wake pale kwa fungate.

Je, kusema kunasaidia? Hapa yafaa kwenda taratibu. Mwaka 2005 Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walichapisha jaribio la kushangaza. Mtu alikisia thamani ya sarafu zilizojaa chupa aliyoiona kwa mbali, akipewa ushauri na mwingine aliyeiona kwa karibu. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri mkisiaji alivyokisia juu. Wakisiaji walipoambiwa kuhusu malipo hayo, washauri walizidisha makadirio yao kuliko pale malipo yalipofichwa, na wakisiaji walipunguza, lakini si kwa kiasi cha kutosha. Inaonekana kukiri kunaweza kumpa mtu ruhusa ya kutia chumvi. Lilikuwa jaribio la maabara, la sarafu, na si la nyumba za wageni, kwa hiyo lisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Bado linatosha kutuonya kwamba maneno "nimelipwa" hayaisafishi sifa. Yanamrudishia msomaji kazi ya kupima, naye inabidi aifanye.

Na hapa kwetu Kenya? Wengine hulichanganya jambo hili na leseni. Tanzania mwaka 2018 iliwatoza wanablogu ada iliyofika zaidi ya shilingi milioni 2 za huko ili wasajiliwe, lakini hilo lilihusu nani anaruhusiwa kuchapisha, si nani amemlipa. Kwetu, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Sheria ya kulinda wanunuzi ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni upotoshaji hata kukaa kimya juu ya jambo la msingi, ikiwa ukimya huo unadanganya. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya kupotosha. Zimeandikwa kwa upana, bila kumlenga mwanablogu, ila mantiki ya gati imo ndani yake.

Kuna mahali ambapo sheria yetu inamtaja kinagaubaga: kwenye kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 inaorodhesha malipo ya mwenye chapa kwa mtengeneza maudhui ili asifie bidhaa zake, na kamisheni ya kila anayebofya kiungo, kisha inaagiza asilimia 5 ikatwe kwa mkazi wa Kenya. Kwa hiyo serikali inaambiwa kwamba sifa imelipiwa. Msomaji, ambaye ndiye atakayetoa pesa za chumba, anastahili kuambiwa pia.

Mgeni wa Marekani anayelala bure Shela naye asidhani bahari imemkinga. Mwongozo wa Tume unasema sheria yao inamfuata hata akiandika kutoka nje, mradi inatarajiwa kwamba wanunuzi wa Marekani wataguswa. Na mwanablogu anaponyamaza, anayeumia kwanza ni mwenye nyumba wa kichochoro cha pili, mwenye chumba kizuri vilevile na bei nafuu, asiye na uwezo wa kutoa siku mbili bure kwa kila mwenye wafuasi anayepiga simu. Mwanablogu angeweza kumtendea haki kwa sentensi moja juu kabisa ya andiko lake: "Nimelala hapa bure kwa mwaliko wa mwenye nyumba."