Ramani ya ugonjwa: nani ameze dawa, nani asimeze

Ukisikia "ramani ya ugonjwa", picha inayokujia haraka ni karatasi iliyojaa vidoti vyekundu, kila kidoti mgonjwa mmoja. Ramani za namna hiyo zipo. Lakini kwa kichocho, usubi, matende, trakoma na wenzao, yale ambayo serikalini Tanzania huitwa "magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele", ramani ni kitu kingine. Ni nchi iliyokatwa vipande, na kila kipande kimepewa jibu la swali moja tu: hapa watu wote wagawiwe dawa, au hapana?

Swali limekaa hivyo kwa sababu ya jinsi dawa zenyewe zinavyotolewa. Watu wengi wenye minyoo ya kichocho au usubi hawajijui, na kumpima kila mmoja kijijini ni ghali kuliko kumpa kidonge. Kwa hiyo hasubiriwi mgonjwa aje zahanati. Jamii nzima inameza pamoja, mwaka hadi mwaka. Ndiyo kingatiba, ile ambayo watoto hupangwa mstari shuleni na kupimwa kimo kwa kijiti ili ijulikane kila mmoja apewe vidonge vingapi. Sasa, ukishaamua kuwapa dawa watu wote wa mahali, ni lazima ujue mahali hapo panaanzia wapi na panaishia wapi.

Tuchukue usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha. Huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, na kwa Tanzania, Mahenge mkoani Morogoro ni moja ya sehemu zinazojulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani. Kipimo chake cha kawaida kilikuwa kuchuna kijipande cha ngozi na kukiangalia kwa darubini, jambo ambalo huwezi kulifanya bara zima. Mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, APOC, uliodumu kuanzia 1995 hadi 2015, ulitumia njia nyepesi zaidi. Unachagua vijiji vya kando ya mto, vile hasa unavyodhani vimeathirika sana. Unachukua wanaume watu wazima 30 hadi 50 ambao ni wakazi wa siku nyingi, unawapapasa kiunoni na mbavuni. Minyoo iliyokomaa hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi, na vinundu hivyo vidole vinavisikia. Wakipatikana navyo asilimia 20 au zaidi, eneo hilo linatiwa rangi: wagawiwe dawa ya usubi, ivamektini. Vijiji zaidi ya 14,000 katika nchi 20 vilipitiwa namna hiyo, bila maabara.

Hebu tazama ni mambo mangapi yameachwa. Wanawake hawakupapaswa, wala watoto, wala vijiji vya mbali na mto. Mahali palipobaki panajazwa kwa kukisia: kama kijiji cha juu ya mto kina vinundu na cha chini kinavyo, cha katikati hakiwezi kuwa salama. Makisio haya si ramli. Mto, mwinuko, mvua na aina ya udongo vinasema mengi. Kule Ethiopia, upimaji wa nchi nzima mwaka 2013 ulichora podokoniosi, ugonjwa wa kuvimba miguu unaofanana na matende lakini hauhusiani na mbu hata kidogo. Unatokana na kutembea pekupeku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa asili ya volkano, kwenye nyanda za juu. Palipo na udongo huo na mwinuko huo, utafute. Na anayechanganya ramani ya podokoniosi na ya matende atawapa watu vidonge ambao wanachohitaji ni viatu, maji na sabuni.

Kuna ramani nyingine ambayo mimi huiona ya maana kuliko zote, nayo ni ya mahali pa kutogawa dawa. Ivamektini ni dawa salama kwa walio wengi, ila huweza kuwa hatari kwa mtu mwenye minyoo ya loa, ule mnyoo ambao mara nyingine huonekana ukipita juu ya weupe wa jicho. Loa yuko katika misitu ya Afrika ya Kati, na moja ya maeneo yenye loa wengi ni kaskazini-mashariki ya Kongo. Mtu akiwa na viluwiluwi vya mnyoo huu zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu, ivamektini huweza kuviua kwa wingi kwa wakati mmoja, naye akapoteza fahamu, hata kufa. Kwa hiyo ilibidi juu ya ramani ya usubi itandikwe ramani ya loa. Iliandaliwaje? Kwa kuuliza. Mtu anaonyeshwa picha ya jicho lenye mnyoo: umewahi kuona hivi jichoni mwako, na ulipotokea mara ya mwisho, ulipotea kabla ya wiki kwisha? Wakijibu ndiyo zaidi ya asilimia 40 ya kijiji, hapo ni pa hatari. Wanakijiji wanaujua mwili wao vizuri, ila aliyehitajika ni mtu wa kuwauliza swali sahihi.

Rangi zikishapatikana, ugomvi unaobaki ni ukubwa wa kipande. Kwa miaka mingi kipande kilikuwa wilaya, kwa sababu rahisi tu kwamba dawa, bajeti na mganga mkuu viko wilayani. Kwa matende si kosa kubwa, mbu yupo karibu kila mahali. Kwa kichocho ni kosa. Kichocho hakikai wilayani, kinakaa kwenye bwawa. Tuseme wilaya ina shule kumi zenye wanafunzi sawa kwa idadi, moja iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria na asilimia 60 ya watoto wake wana kichocho, tisa ziko bara na hazina hata mmoja. Wastani wa wilaya ni asilimia 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka jamii igawiwe dawa kila mwaka pale maambukizi yanapofika asilimia 10. Kwa wastani huo, wale watoto wa ufukweni wametoka kwenye ramani.

Unguja ni mfano mzuri wa jinsi mambo yanavyobadilika katika umbali mfupi. Kichocho cha mkojo cha huko kinahitaji konokono wa aina moja, Bulinus globosus, anayepatikana kaskazini na katikati ya kisiwa. Kusini yupo ndugu yake, Bulinus nasutus, ambaye kimelea hicho hakikui ndani yake. Ukiwaweka mkononi wote wawili, wengi wetu tutasema ni konokono wale wale. Kisiwa ni kimoja, mvua ni ile ile, lakini mtoto wa kaskazini anaweza kukojoa damu na wa kusini yuko salama. Ramani ya watu peke yake isingekueleza sababu. Ilibidi mtu akachore ya konokono.

Zanzibar ndiko pia kipande kilikodogoshwa hadi kikawa shehia, eneo dogo kabisa la utawala visiwani. Baada ya miaka mingi ya dawa, kichocho kilishuka sana lakini kikagoma kwisha, kikabaki kimejificha shehia hii na ile. Mwaka 2020 ulianza mradi kaskazini mwa Pemba, Micheweni na Wete, uliogawanya shehia 20 mafungu mawili. Zenye maambukizi yaliyobaki juu zilipata dawa kwa wote, dawa ya kuua konokono na elimu. Zile za chini hazikugawiwa dawa kwa wote. Huko, alipogundulika mtoto mmoja mwenye kichocho, timu ilimfuata nyumbani, ikawapima wa nyumbani kwake, kisha ikamuuliza anakogea wapi. Walikwenda naye kwenye bwawa lenyewe, wakapima walioko pale, wakachota majani kutafuta konokono, na GPS ikaandika nukta ya mahali hapo. Ugonjwa ukishakuwa mchache kiasi hicho, ramani inarudi kuwa kama ile tuliyoifikiria mwanzo: kidoti kimoja, mtoto mmoja, na pembeni yake kidoti cha bwawa analokogea.