Si kila kilicho hewani ni mubashara

Matangazo ni mubashara pale tukio linapotendeka na mtazamaji akaliona wakati uo huo, bila mtu yeyote kupata nafasi ya kukata na kuunganisha picha kabla hazijamfikia. Maana yake ni hiyo tu. Wapo wanaosema "moja kwa moja" na wapo wanaoandika "mbashara", na hilo halina shida. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kugusana ngozi kwa ngozi, bila kitu katikati.

Shida iko kwenye kile kisanduku chekundu cha pembeni mwa skrini, chenye neno MUBASHARA. Siku hizi hakitoki. Ripoti ya moto wa soko la Gikomba iliyopigwa picha saa 8 mchana inachezwa saa 1 usiku, na kisanduku kipo. Mahojiano ya jana yanapakiwa mtandaoni leo na maneno "tazama mubashara". Mjadala uliorekodiwa Jumanne unarushwa Alhamisi, na mwendeshaji kipindi anawahimiza watazamaji watume maswali sasa hivi, wakati wageni wake walishaenda makwao siku mbili zilizopita. Neno limegeuzwa pambo la kusema kwamba jambo ni kubwa, au ni jipya.

Wengine hulichanganya na "habari za hivi punde". Hivi punde ni umri wa habari. Mubashara ni njia ambayo picha imepitia kukufikia. Ajali ya dakika kumi zilizopita ikisomwa na mtangazaji bila picha yoyote ni habari ya hivi punde, lakini ajali yenyewe hukuiona mubashara. Gwaride la Siku ya Jamhuri hurushwa mubashara asubuhi nzima na halina cha hivi punde, maana ratiba yake inajulikana mapema.

Ndani ya taarifa moja ya saa 1 usiku kuna mubashara za aina tatu, na zote hubebwa na kisanduku kimoja. Kuna msomaji habari aliye studioni: huyo karibu kila mara yuko hewani kweli, akikohoa utamsikia. Kuna ripota anayeongea kutoka eneo fulani. Na kuna tukio lenyewe. Mtazamaji akiona kisanduku anadhani ni hilo la tatu. Mara nyingi ni la pili tu, na wakati mwingine ni la kwanza peke yake.

Chukua ripota aliyesimama nje ya Mahakama za Milimani saa 1:10 usiku. Korti iliahirisha kesi mchana, mawakili wameondoka, na nyuma yake kuna lango na askari wa zamu. Ripota ni mubashara, kesi si mubashara. Wahariri hufanya hivi kwa sababu mtu aliyesimama mahali pa tukio hushika macho kuliko yule aliyeketi mezani, na kwa sababu gari la matangazo na watu wake wameshagharimiwa siku nzima. Si kosa, mradi sentensi yake ya kwanza iwe "kesi iliahirishwa mchana". Akianza na "hali hapa ni shwari kwa sasa", anampa mtazamaji hisia kwamba kuna jambo linaloendelea, na hakuna.

Makosa yanatokea zaidi kwenye mpangilio ambao vituo vingi hapa Nairobi huutumia. Ripota anatokea mubashara na kutoa utangulizi wa sekunde 20 hivi. Kisha inachezwa ripoti iliyohaririwa, ya dakika mbili au tatu, yenye picha na sauti za mashahidi. Kisha anarudi mubashara kujibu swali moja la studio. Kisanduku kinatakiwa kitoke ripoti inapoanza na kirudi ripota anaporudi. Ni kazi ya kitufe kimoja. Inakosewa kwa sababu kisanduku kimewekwa pamoja na nembo ya kituo na saa, kwenye michoro inayokaa skrini tangu taarifa inapoanza hadi inapoisha, kwa hiyo hakuna aliyepewa jukumu la kukiondoa. Anayeshughulika na michoro wakati huo anahangaika na majina: shahidi wa kwanza, wa pili, mkuu wa polisi, na kila jina lina sekunde zake.

Matokeo yake si madogo. Ripoti ya mchana inaonyesha maduka yakiungua, saa ya skrini inasema 1:14 usiku, na juu yake pameandikwa MUBASHARA. Mama mwenye mtoto anayefanya kazi mtaa ule anashika simu akitetemeka, ilhali moto ulizimwa saa 10. Kituo hakikusema uongo hata kwa neno moja la ripoti. Kisanduku ndicho kilichosema.

Baya kuliko hilo ni mazungumzo yaliyorekodiwa na kuchezwa kana kwamba yanaendelea. Ripota yuko mahali ambapo mtandao ni dhaifu au si salama usiku. Anarekodi majibu saa 11 jioni, anayatuma, na saa 1 msomaji habari anageukia skrini ya studio na kusema "tunaungana naye moja kwa moja". Anasoma swali kwenye karatasi, na jibu lililokatwa tayari linafuata. Kurekodi kwenyewe ni uamuzi wa busara, na usalama wa ripota unakuja kwanza. Kosa ni yale maneno ya kumkaribisha.

Mkazi wa Nairobi anaweza kulitambua bila utaalamu wowote. Sisi tuko karibu na ikweta, na jua letu hutua kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni mwaka mzima. Ripota wa Kibera au Embakasi akionekana saa 1:15 usiku jua likimpiga usoni, amerekodiwa. (Aliye London mwezi wa Juni ni mambo mengine: saa 1 usiku ya hapa ni saa 11 jioni kule, na jua lina saa nne na zaidi kabla ya kutua.) Alama ya pili ni kimya. Mubashara ya kweli kutoka nje ya studio huwa na kimya kifupi baada ya swali, ripota akitikisa kichwa na kungoja sauti imfikie. Jibu likidaka swali papo hapo, bila hata nusu sekunde katikati, shuku.

Kimya hicho kina sababu. Satelaiti za matangazo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka kwa mawimbi huchukua kama robo ya sekunde, mbali na muda wa mitambo kubana na kufungua picha. Siku hizi ripota wengi hutumia begi la mgongoni lenye laini kadhaa za simu za kampuni tofauti. Begi hugawa picha vipande vipande, kila laini hubeba vyake, na mtambo wa studio huviunganisha upya. Mtambo huo hupangiwa muda wa kusubiri, kwa kawaida sekunde moja hadi tatu. Ukiupunguza mno ili mazungumzo yaende haraka, vipande vilivyochelewa vinaachwa na picha inaganda au inakatika miraba miraba. Kwenye umati mkubwa mambo huharibika zaidi, kwa kuwa kila mwandamanaji ana simu mkononi na minara imezidiwa. Mpiga picha mwenye uzoefu hupanda jengo la karibu lenye intaneti ya waya na kuacha kushindana na umati kwa mawimbi.

Sauti nayo ina mtego wake. Sauti anayorudishiwa ripota sikioni lazima iwe ya studio yote isipokuwa yake mwenyewe. Fundi akisahau kuiondoa, ripota anajisikia tena sekunde mbili baadaye, na karibu hakuna anayeweza kuongea sawasawa kwa hali hiyo. Anaanza kuvuta maneno, anakwama, kisha mkono unakwenda sikioni kukichomoa kifaa, na studio inampoteza. Hiyo, kwa bahati mbaya yake, ni mubashara halisi.

Ukiongeza muda wa mitambo ya kurushia na king'amuzi chako, picha inafika nyumbani sekunde kadhaa baada ya tukio, na kwenye intaneti huchelewa zaidi, mara nyingi sekunde 10 hadi 30. Ndiyo maana jirani mwenye redio hushangilia goli kabla yako. Je, bado ni mubashara? Ndiyo. Kinachopima ni mkono wa mhariri, sekunde hazipimi kitu. Hata vipindi vya kupokea simu vinavyochelewesha sauti makusudi kwa sekunde saba hivi ili matusi yasipite ni mubashara. Hapo mpaka unakaribia, lakini mwenye kitufe anaweza kunyamazisha neno tu. Hawezi kupanga upya kilichotokea.

Thamani ya neno hili iko hapo. Picha za mubashara mara nyingi ni mbovu, zinayumba, na mtazamaji hakai kwa ajili ya uzuri wake. Anakaa kwa sababu hakuna ajuaye mwisho, wala kituo chenyewe. Tarehe 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas ambako kura za Kenya zilijumlishwa, rabsha ilizuka jukwaani kabla ya Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, kutangaza matokeo ya urais, na karibu wakati huo huo makamishna wanne wa tume wakawa wanazungumza na wanahabari katika hoteli ya Serena wakiyakana. Hakuna mhariri aliyeyapanga, na hakuna aliyeweza kuyapunguza yasionekane. Nguvu hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Katika uvamizi wa magaidi kama ule wa jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wa Septemba 2013, picha inayoonyesha askari wamejipanga wapi inaweza kuua mtu ikirushwa mubashara. Ikichezwa kesho yake haimdhuru.

Serikali nayo inaijua tofauti hii vizuri. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza vituo vya redio na runinga viache kurusha maandamano mubashara, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa, kabla ya Mahakama Kuu kulisimamisha agizo hilo. Lililokatazwa siku ile ni kuyaonyesha yakiwa yanaendelea. Neno ambalo mamlaka inaliona zito kiasi cha kuzima mitambo halifai kubandikwa juu ya kanda ya juzi.

Kwa hiyo, kwa wenzetu wa vyumba vya habari: "ripota wetu alizungumza nasi mapema jioni" ni maneno ya sekunde tatu, na hakuna mtazamaji atakayehama kituo kwa kuyasikia. Kwa anayepakia video, mubashara huisha kamera inapozimwa. Kinachobaki ni rekodi, hata kama mwanzoni ilirushwa mubashara. Andika "yalirushwa mubashara tarehe 25 Juni", ukitaja tarehe, na utakuwa umelitumia sawasawa.