Kuiondoa Dawa Inayomsaidia Mgonjwa

Watu wengi hudhani kwamba uamuzi mgumu kuliko yote kwa daktari wa magonjwa ya akili ni kumlaza mgonjwa asiyetaka kulazwa. Uamuzi huo una uzito wake, lakini mara nyingi hatari huwa ipo wazi mbele ya macho, na sheria imekwisha kuonyesha njia ya kupita. Ule unaonikosesha usingizi mimi ni wa namna nyingine: mgonjwa ametulia, dawa imemkubali, familia inashukuru, nami ndiye ninayeleta wazo la kuiondoa dawa hiyo.

Mgonjwa ninayemtolea mfano nimemuunda kutokana na wagonjwa kadhaa, ili asitambulike hata mmoja wao. Ni binti wa miaka 24, fundi cherehani, mwenye ugonjwa wa bipola, yaani ule unaompandisha mtu kwenye msisimko uliopitiliza, usingizi ukapotea na fedha zikatapanywa, kisha ukamshusha kwenye huzuni nzito. Alikwisha kulazwa mara mbili, na mara ya pili nilimwanzishia sodiamu valproeti. Miaka miwili imepita tangu hapo bila kulazwa tena. Siku hiyo alikuja kliniki na mama yake, wote wakiwa wachangamfu, kwa sababu mahari ilikuwa imepokelewa na harusi ilibakiza miezi minne.

Habari hiyo njema ndiyo iliyobadilisha hesabu. Valproeti, ambayo hutumika pia kutibu kifafa, hutuliza msisimko ndani ya siku chache, na hata hospitali isiyo na maabara kubwa inaweza kuitumia, ndiyo maana imezoeleka sana. Lakini kati ya watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakati wa ujauzito, takriban 10 huzaliwa na kasoro kubwa za maumbile, mgongo wazi ukiwa mojawapo, na kati ya 30 na 40 hupata matatizo ya ukuaji wa ubongo, kama vile kuchelewa kusema au kulemewa na masomo. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Kwa hiyo ushauri wa "tutaibadilisha ukishika mimba" hufika wakati madhara yamekwisha kutokea. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba dawa hii isitumike kwa wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa.

Nilipofungua faili lake nilikuta mwandiko wangu mwenyewe wa miaka miwili nyuma: "Ameshauriwa uzazi wa mpango." Sikuandika njia gani, wala kama alikubali, na ukweli ni kwamba alipoambiwa hayo alikuwa katika hali ambayo asingeweza kukumbuka hata jina la muuguzi. Ridhaa iliyochukuliwa wakati huo inapaswa kuombwa upya mgonjwa anapopata nafuu. Mimi sikufanya hivyo.

Mama alikuwa akimjibia binti kila swali, nikamwambia, "Mama, naomba utupishe kidogo, nitakuita." Tulipobaki wawili nilimweleza hatari hizo polepole, kwa tarakimu hizo hizo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Daktari, hii dawa ndiyo iliyonirudisha kwenye cherehani yangu." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Kuondoa dawa inayodhibiti bipola ni kufungua mlango wa ugonjwa kurudi, na msisimko ukirudi wakati wa ujauzito au mara baada ya kujifungua unaweza kumdhuru mama na mtoto pia.

Tuliangalia njia zilizokuwepo. Lithiamu, nayo ni dawa ya kudhibiti bipola, ndiyo ningependa kuanza nayo, kwa kuwa ina historia ndefu na hupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Lakini kiwango chake kwenye damu kinatakiwa kubaki kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita kwa wagonjwa wengi, na kikifika 1.5 dalili za sumu huweza kuanza. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi, mara kwa mara mwanzoni, pamoja na vipimo vya figo na tezi ya thairoidi. Hospitali ya karibu na kwao haikuwa na kipimo hicho. Isitoshe, katika joto letu mtu akiharisha, akifunga bila kunywa maji ya kutosha usiku, au akinunua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mgongo, lithiamu hupanda kimyakimya. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa inayotumika pia kwa bipola, niliiweka kando haraka: nayo ina hatari ya mgongo wazi, na hupunguza nguvu ya kijiti cha uzazi wa mpango na vidonge vya majira.

Ilibaki olanzapini, dawa ya magonjwa ya akili ambayo hutuliza msisimko na haihitaji maabara ya aina hiyo, lakini huongeza uzito na sukari. Alikubali kuijaribu. Tulianza kuipandisha jioni huku tukishusha valproeti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akawekewa kijiti, na nikamwandikia asidi ya foliki, vitamini ya kusaidia kuzuia mgongo wazi, miligramu 5, huku nikimweleza kwamba haiondoi hatari ya valproeti. Tulikubaliana pia kwamba akilala chini ya saa nne kwa siku mbili mfululizo atanipigia simu, na kwamba mama yake naye ana ruhusa ya kupiga. Mama aliporudi ndani aliniomba jambo moja tu, kwamba mchumba asijue. Nilimjibu kwamba mimi sitamwambia, kwa kuwa siri ni ya binti na si yangu wala ya mama. Lakini nikamwambia binti kwamba mume atakayeishi naye ndiye atakayeona kwanza usingizi ukipotea.

Mwezi wa tano tangu tubadilishe, alikuwa hajaugua tena, lakini alikuwa ameongezeka kilo nane. Gauni la harusi alilojishonea mwenyewe ilibidi alifumue mishono ubavuni wiki moja kabla ya sherehe. Alinisimulia akicheka, kisha akakiri kwamba huruka vidonge siku tatu kwa wiki. Ningeweza kumkaripia, na zamani ningefanya hivyo. Badala yake nilimuuliza wanaishi wapi sasa, akanijibu kwamba mumewe amehamia Dar es Salaam na yeye atamfuata mwisho wa mwezi. Huko vipimo vya lithiamu vinapatikana.

Tumerudi basi kwenye wazo la lithiamu, na valproeti imekwisha kabisa. Wiki hii ametolewa damu ya kuangalia figo na thairoidi kabla ya kidonge cha kwanza. Mumewe alimsindikiza na kuuliza kuhusu chumvi na maji ya kunywa, nikajua kwamba ameambiwa. Kwenye faili nimeandika tarehe, sababu za kuacha kila dawa, maneno aliyoyasema yeye mwenyewe, na swali ambalo wote watatu tumeliahirisha hadi mwakani: kijiti kitolewe lini.