Unasoma mbali na home? Hizi dhana zinawamaliza wengi taratibu

Mtu akishatoka kwao kwenda kusoma kuna kitu anapoteza bila kujua, yule mtu aliyekuwa anamuuliza umekula, mbona bado hujalala, mbona leo siku ya tatu unakohoa. Hosteli au geto huyo mtu hayupo, rumeti nae ana mambo yake, kwahiyo unaishi kwa stori za waliokutangulia mwaka mmoja na unaziamini kisa wao walifaulu. Nyingi hazina kichwa wala miguu, ngoja tuzipitie.

Dhana: anayekesha ndo anayefaulu

Hii ndo mama yao. Watu wanajisifu kabisa "jana sijafumba jicho", na mwenzao aliyelala anaonekana hayuko siriasi. Ukweli ni kwamba ulichosoma mchana bado hakijatulia kichwani, ubongo unafanya kazi kubwa ya kukipanga na kukihifadhi ukiwa umelala, sasa ukikesha unaikatisha hiyo kazi katikati afu unashangaa kwenye pepa unaliona swali, unajua kabisa hili nililisoma, na jibu haliji. Mtu mzima anatakiwa alale walau saa 7 kwa usiku. Na hili la kuwa macho muda mrefu limeshapimwa, kuna majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakukataza kushika usukani. Piga hesabu mwenyewe, umeamka saa 12 asubuhi, ikigonga saa 5 usiku umeshafika hapo, na wengi ndo kwanza saa hiyo wanafungua daftari!

Utaniambia si kuna kahawa. Kafeini, ile kemikali ya kwenye kahawa inayochangamsha, haikupi nguvu yoyote, inachofanya ni kuziba zile sehemu za ubongo zinazopokea taarifa kwamba umechoka, uchovu wenyewe uko palepale unakusubiri. Na haitoki haraka, kwa watu wengi ukipita muda wa saa 5 hivi nusu yake bado iko mwilini, kwahiyo ukiinywa saa 12 jioni usilaumu kelele za jirani ukiwa unajigeuza kitandani usiku. Kwa mtu mzima mwenye afya isizidi miligramu 400 kwa siku, na yale makopo makubwa ya vinywaji vya kuchangamsha, mililita 500, kopo moja tu linaweza kuwa na miligramu 160. Matatu umeshapita.

Kulipia usingizi wikendi? Unalala Jumapili mpaka saa 6 mchana, usiku usingizi hauji, Jumatatu unaamka hoi. Tuendelee.

Dhana: rudia kusoma notsi mpaka ziingie

Hapa nawaelewa watu, maana inadanganya vizuri. Ukisoma kitu mara ya nne kinateleza tu, unahisi umekielewa, na kalamu ya rangi imeshapita kila mstari mpaka ukurasa wote ni njano. Mwaka 2006 watafiti wawili Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi, kundi moja likarudia kuyasoma, jingine likaambiwa liweke pembeni liandike linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila baada ya wiki mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawaacha mbali. Ndo maana msuli wa usiku wa kuamkia mtihani unaonekana unalipa, unakutoa kesho, ukija mtihani wa mwisho wa muhula kichwa cheupe. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, afu ndo ufungue uone ulipokosea. Inauma na inachosha, sawa, ila hiyo ndo kazi yenyewe.

Dhana: kiporo ukikichemsha vizuri hakina shida

Picha unaijua. Wali ulipikwa saa 2 usiku, sufuria limefunikwa limekaa mezani, chumba kina joto, asubuhi unafunua unanusa, hauna harufu, unaupasha mpaka unatoa moshi unakula unawahi kipindi. Sasa kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia hata kule kupikwa kwa mara ya kwanza, wali ukikaa kwenye joto zinaamka zinazaliana na zinaweza kutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiui, na pua yako haiwezi kuijua. Matokeo yake kutapika na kuhara siku ambayo una test. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa muda unaozidi saa 2, kiingie kwenye friji, na kama friji huna basi pika cha kuisha, hamna ujanja mwingine hapo.

Dhana: dawa za kawaida hazina madhara, bugia tu

Hii inanitisha kuliko zote. Kichwa kinauma unameza parasetamoli mbili, mafua yanabana unaongeza kidonge cha mafua, jioni rumeti anakupa dawa yake ya homa. Soma nyuma ya hizo pakiti, nyingi za mafua ndani yake kuna parasetamoli hiyohiyo, kwahiyo unajirundikia bila habari. Mwisho kwa mtu mzima ni gramu 4 ndani ya saa 24, yani vidonge 8 vya miligramu 500, ukizidisha ini linaweza kuharibika, na ubaya wake siku ya kwanza unaweza usisikie chochote cha kukushtua. Ukigundua umezidisha nenda hospitali hapohapo hata kama uko fresh. Na zile antibayotiki zilizobaki kwenye droo ya mtu achana nazo, mafua ni virusi na antibayotiki haigusi virusi.

Dhana: kama huna muda wa jimu, mazoezi basi

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na tangu mwongozo wa 2020 hata vipande vifupi vifupi vinahesabika. Kutembea haraka kwenda darasani ni mazoezi. Imeisha hiyo.

Dhana: kumisi nyumbani ni utoto, jikaze

Inawapata hata wakubwa wenye ndevu zao, na kwa wengi inapungua wakishapata watu wawili watatu wa kula nao na ratiba inayoeleweka. Anayejifungia ndani ili ajikaze ndo inamshika zaidi. Ila huzuni ikivuka wiki 2, kila siku, hamu ya kula hakuna, usingizi umevurugika, vitu ulivyopenda huvitaki, hapo sio kumisi tena, inaweza kuwa sonona na inatibika. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi na huduma huwa ya bure, nenda kabla hujaanza kukosa mitihani, na kama kwenda peke yako unaona aibu mwambie rumeti akusindikize mpaka mlangoni.