Arosto imeisha, unga bado

"Tulimfungia chumbani siku tisa, daktari. Arosto ikaisha, akaomba ugali mwenyewe." Akina mama wanaotuletea watoto wao hupenda kusimulia hivi, na wana haki ya kujivunia. Arosto ni mateso ya mwili uliozoea unga, yaani heroini, unapoukosa. Kukesha na mtu anayetapika, anayeharisha na kutetemeka huku kamasi zikimtoka si mchezo. Ila siku ya kumi ndiyo inayonitia hofu mimi.

Heroini hukaa kwenye vipokezi vya ubongo ambavyo mwili umejiwekea kwa ajili ya vituliza maumivu vyake wenyewe. Dopamini hufurika, na ubongo hujifunza upesi kuutanguliza unga mbele ya chakula, hata mbele ya mtoto anayelia. Kadiri unavyozoea, usikivu wake hupungua: kete, kile kipakiti cha unga, iliyomtosha mwanzoni haimfikishi popote, sasa anavuta ili asiumwe tu. Arosto huanza saa 8 hadi 12 baada ya kuvuta, huwa kali siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki hivi hupoa. Kumbukumbu haipoi. Akipita kijiwe cha zamani, akiona karatasi ya foili, hamu inarudi kama jana.

Hapo ndipo tunapowapoteza. Mwili uliokaa bila unga umeshasahau kuuhimili. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hukata. Ukimkuta anakoroma kusiko kwa kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Kuna dawa, naloksoni, inayorudisha pumzi kwa dakika chache. Kumnywesha maziwa au kummwagia ndoo ya maji, achaneni nako.

Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, Februari 2011, na vituo vingine vikafuata, Zanzibar ikiwamo. Mgonjwa huinywa dirishani, mbele ya mfamasia, kisha huongea kidogo tujue amemeza. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo arosto haimkimbizi tena. "Si mnambadilishia unga kwa unga?" Naulizwa kila wiki, wakati mwingine na wenzangu wenye makoti meupe. Unga humpandisha na kumwangusha mara kadhaa kwa siku. Methadoni humweka sawa, akaweza kwenda kazini.

Ataiacha lini? Wengine huchukua miaka, na kipimo hushushwa polepole. Wakati huo ushauri nasaha unaendelea, na nyumbani sahani yake iendelee kuwekwa.