Aliyechomwa kisu aanze kwa daktari, si kwa PF3

Mtu akichomwa kisu usiku pale Mwanjelwa, Mbeya, hukosi wa kusema: "Twende polisi kwanza, bila PF3 hatibiwi." Si kweli. Majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza. Ndugu mmoja anaweza kuifuata fomu kituoni huku mgonjwa akishonwa. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, nayo hutumika mahakamani. Haizuii damu. Kinachozuia ni kanga safi iliyokandamizwa kwenye jeraha bila kuachia, bajaji ikikimbilia hospitali. (Kisu kikiwa bado kimekwama mwilini, usikichomoe.)

Anayeponzwa zaidi na uvumi huu ni aliyebakwa. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri anavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua.