Usiuamshe mti uliolala: kupanda na kupogoa penye baridi kali

Kila theluji inapoyeyuka huanza kuletewa picha za mitufaha iliyokauka, na maelezo ni yale yale: "Baridi imeuua." Nikianza kuuliza maswali (ulipogoa lini, mbolea ya mwisho uliweka mwezi gani, shina lilikingwa na nini) mara nyingi inaonekana baridi ilikuta kazi imeshafanywa. Mti wa aina inayofaa, uliolala vizuri, huvumilia nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi. Kinachouangusha ni baridi inayoukuta macho: haujalala bado, au umeamshwa kabla ya wakati. Waswahili walishasema, usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

Kulala kwa mti ni kazi, si uvivu. Siku zinapofupika, ncha za matawi huacha kukua, wanga hugeuzwa sukari, na maji hutoka ndani ya seli kwenda nje yake, mahali ambapo yakiganda hayapasui kitu. Kwenye mbao za mti, seli nyingine hubaki na maji yasiyoganda hata yakipita sifuri kwa mbali sana. Mwisho wa ujanja huo ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapo hakuna mtufaha unaoutegemea ujanja huo utakaopona, hata uulaze vipi.

Baada ya kulala, mti huhesabu saa za ubaridi, hasa zile zilizo kati ya nyuzi 0 na 7. Mitufaha mingi ya nchi za baridi huhitaji saa 800 hadi 1,000 hivi. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi za joto, huhitaji kama 200 hadi 300 tu. Watu huipenda kwa sababu huzaa mapema. Ipande penye baridi kali uone: hesabu yake inatimia majira ya baridi yakiwa bado machanga, kisha juma moja la jua likija inadhani kumekucha. Inachipua. Baridi inarudi, na huo ndio mwisho wake. Kwa hiyo ukisoma kwenye lebo kwamba mche hauhitaji ubaridi mwingi, urudishe ulipoutoa.

Tafuta aina zilizozaliwa kwenye shida. Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne: Haralson ilitoka 1922, Honeycrisp 1991. Antonovka ya Urusi ni kongwe zaidi. Tunda lake kali kidogo, lakini mti hauna deko. Usisahau pia mche wa chini, ule ambao tufaha lako limeunganishwa juu yake. Mche wa chini uitwao M9, uliotoka East Malling, Uingereza, hufanya mti mfupi unaozaa upesi, ila mizizi yake haipendi udongo ulioganda bila blanketi la theluji, na utauegemeza kwenye nguzo maisha yake yote. B9, uliozalishwa Michurinsk, Urusi, una ufupi unaokaribiana na huo na uvumilivu zaidi. Utaujua kwa majani yake mekundu. Mche wa mbegu ya Antonovka ni mgumu kuliko yote hiyo, lakini jiandae kununua ngazi.

Kuhusu mahali, kumbuka hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Usiku usio na upepo hushuka mteremkoni na kutuama bondeni, au nyuma ya uzio ulioziba njia yake. Mtufaha wangu wa kwanza niliupanda chini kabisa ya kiwanja kwa sababu udongo wa pale ulikuwa mweusi na mtamu. Ulichanua miaka minne bila kutoa tunda hata moja. Ua lililofunguka huanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na zikifika 4 karibu yote hayapo tena. Mti ule ule ungekuwa hatua thelathini juu yake, ningekula matufaha. Jihadhari pia na ukuta unaopigwa na jua kutwa, kwani huukumbatia mti na kuuamsha mapema.

Kupanda kwenyewe nafanya mwanzo wa machipuko, udongo ukishayeyuka, mche ukiwa mizizi wazi, bila udongo, na macho yake, yaani vile vifundo vya kuchipulia, bado yamefumba. Uloweke saa chache kwenye ndoo. Chimba shimo pana mara mbili ya mizizi, lakini kina kisizidi mizizi yenyewe. Usiweke samadi chini ya shimo; najua wengi tumefundishwa hivyo, lakini samadi huoza, udongo hudidimia, na mti huzama pamoja nao. Kovu la kuunganishia likifukiwa, tufaha la juu huotesha mizizi yake na ule ufupi ulionunua unapotea. Liache sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo. Mizizi inayozunguka kama kamba ikate au inyooshe. Mwagilia ndoo nzima, kisha tandaza matandazo ya unene wa kiganja, yasiguse shina.

Kwa nini yasiguse? Panya wa shambani. Theluji ikishatanda wao hutembea chini yake kama wako sebuleni, na chakula chao ni gome. Mwaka mmoja niliona uvivu kuzungushia wavu, na theluji ilipoondoka nikakuta miche saba imemenywa pande zote kama mihogo. Mti uliomenywa mzunguko mzima hauna njia ya kushusha chakula mizizini. Tangu hapo ni wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi milimita 6, umezikwa kidogo ardhini na kupanda juu kuliko theluji inavyorundikana.

Juu ya wavu kuna adui mwingine: jua la baridi. Mchana hulipiga gome, tena theluji inalirudisha kama kioo, na gome linaamka upande mmoja. Jua likizama, joto linaporomoka ghafla na gome linapasuka. Kaskazini mwa dunia utaliona kovu hilo upande wa kusini-magharibi. Dawa ni rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na kupakwa shinani kabla ya baridi. Jirani alinicheka kwamba nimeivisha miti soksi.

Na mbolea ya naitrojeni? Mwanzo wa machipuko tu. Ukiiweka mwisho wa kiangazi unaupa mti kahawa wakati wa kwenda kulala.

Sasa mkasi. Usipogoe wakati wa mapukutiko, hata kama una nafasi na bustani inaonekana ovyo. Sehemu iliyokatwa hupunguza uvumilivu wake kwa muda, na kidonda hukaa miezi bila kufungwa. Subiri mwisho wa majira ya baridi, makali yakishapita lakini macho hayajavimba. Hiyo ni kwa mitufaha na mipeasi. Plamu na cheri pogoa kiangazi siku kavu, maana magonjwa ya fangasi na bakteria huingia kwa vidonda vyao kukiwa na unyevu na baridi.

Kabla sijakata chochote huchukua vijiti vichache na kupasua macho kwa wembe. Yakiwa ya kijani ndani, yako hai. Yakiwa meusi katikati, yamekufa. Nikikuta nusu yameungua, mwaka huo mkasi wangu unakuwa na huruma.

Ukitazama palipoota tawi utaona uvimbe kama ukosi wa shati. Kata nje kidogo ya ukosi huo, usiufyeke wala usiache kisiki. Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani alipasua maelfu ya miti kwa msumeno na kuonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu. Hukizungushia ukuta na kuendelea na maisha pembeni. Ukuta huo hujengwa kutoka kwenye ukosi. Na rangi ya kuziba kidonda iache dukani, haisaidii.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kunyoa. Mtu anakata ncha zote ili mti uonekane nadhifu. Ncha hutoa homoni inayoyatuliza macho ya chini yake; ukiiondoa, manne yanaamka kwa pamoja na mwaka unaofuata una fagio. Ondoa tawi zima kutoka asili yake, ukianza na yaliyokufa, yanayosuguana, na maotea yale yanayopanda wima kama mishale. Usizidi robo ya mti kwa mwaka. Mti mkongwe uliotelekezwa upe miaka mitatu. Vile vitawi vifupi vilivyokunjamana, ambavyo mgeni huviona uchafu, ndivyo vinavyobeba matufaha mwaka baada ya mwaka. Usiviguse.

Mche wa kwanza kabisa ukiwa fimbo tupu, hapo kichwa kikatwe, kama sentimita 80 kutoka ardhini, ili upate matawi ya pembeni. Matawi hayo yakingali laini, yatanue kwa vibanio vya nguo hadi pembe ya nyuzi 45 au 60. Pembe nyembamba huficha gome katikati yake, na siku theluji nzito itakapolikalia tawi, litachanika mpaka shinani. Binafsi nikibabaika kati ya kukata na kukunja, nakunja. Tawi lililoinamishwa hupunguza mbio na kuanza kufanya matumba ya maua.

Turudi kwenye zile picha. Kabla hujauchimbua mti wako, kwaruza gome kwa ukucha. Pakiwa na kijani chini yake, nenda zako, usirudi na jembe hadi katikati ya kiangazi. Ukichipua, tazama umechipulia wapi. Juu ya kovu la kuunganishia, tufaha lako lipo. Chini yake, kilichobaki ni mche wa chini peke yake, na utakupa majani mengi mazuri bila lile tunda ulilolinunua.